Ukuta Niliouharibu Mimi

"Fundi, njoo uone ukuta wako unavyovua nguo."

Mkurugenzi alisema hivyo mbele yetu wote, Jumanne saa nne asubuhi, siku nne kabla ya kufungua makumbusho. Ukuta mkubwa wa ukumbi wa posta ya zamani ulikuwa umetoka malengelenge, weupe wake unaning'inia vipande vipande.

Fundi akasogea, akachukua kipande kimoja, akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa. Miezi saba alikuwa akiupiga ukuta huo chokaa kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, kama walivyofanya waliolijenga jengo lile.

"Chokaa gani hii?" Mkurugenzi akauliza.

"Chokaa ni nzuri, mzee."

"Mbona inabanduka?"

Fundi akanitazama. Mimi nikatazama kompyuta yangu.

"Sina la kusema," akajibu.

"Basi kusanya vifaa vyako. Nitatafuta fundi mwingine."

Akakusanya, akatoka bila kunitazama tena.

Sasa wapendwa, kabla hamjamhukumu mtu, niwaambie ukweli. Kilichobanduka si chokaa, ni rangi, na aliyeipaka ni mimi. Kazi yangu ni kutengeneza picha za mwanga. Mgeni anaingia ukumbini, projekta kumi na mbili zinawaka, na kuta zote nne zinageuka posta ya enzi hizo. Barua zinaruka juu ya kichwa chake, mihuri inagonga mpaka anaisikia miguuni. Nikiwaza tu, mwili unanisisimka. Lakini kwenye chokaa ya Fundi picha zangu zilitoka za manjano kidogo, na mimi subira sikupewa.

Basi Jumapili, Fundi alipokwenda kwa mama yake kwa siku mbili kumweleza habari za mimi na yeye, nikanunua rangi nyeupe ya plastiki, nikaupaka ukuta mara mbili. Mkurugenzi hajui rangi wala chokaa, kwake nyeupe ni nyeupe. Fundi alikwisha kuniambia, tena mara tatu, kwamba chokaa mbichi inapumua na haizibwi. Nilimsikia kwa sikio hili, yakatokea lile.

Nikamtumia ujumbe: "Kwa nini hukunitaja?"

Jibu lilichukua nusu saa nzima. "Nilikuwa nangoja ujitaje."

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Mama ameshona nguo ya kuja Jumamosi kukuona. Sikutaka kukuharibia kazi. Ila kuoa mtu anayeweza kukaa kimya nikifukuzwa, sidhani kama nitaweza."

Nikasoma mara nne. Nikampigia shangazi aliyenilea.

"Shangazi, nimefanya jambo."

"Una mimba?"

"Hapana. Nimeharibu ukuta."

"Mtu halilii ukuta hivyo. Sema lote."

Nikasema lote. Akaguna.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Nenda kwa mkubwa wako sasa hivi, kabla hujala. Ukishiba utaahirisha, nakujua."

Nilimkuta Mkurugenzi ofisini akitafuta fundi mwingine kwenye simu.

"Mzee, ule ukuta nimeuharibu mimi. Nilipaka rangi ya plastiki juu ya chokaa."

Akaweka simu mezani.

"Unajua nimemfukuza mtu?"

"Najua. Nilikuwepo."

"Ukakaa kimya?"

"Nikakaa kimya."

Alinitazama mpaka nikatamani sakafu ifunguke.

"Mpigie," akasema. "Mwambie namwomba radhi. Asiporudi, na wewe usirudi."

Nikapiga palepale. Ikaita, ikaita.

"Nakusikia," Fundi akasema.

"Nimejitaja."

"Kwa nani?"

"Mkurugenzi anajua kila kitu. Anakuomba radhi, anataka urudi. Mimi nakuomba radhi kuliko yeye."

"Yuko hapo akisikia?"

"Yuko hapa, ananitolea macho."

Nikasikia anavuta pumzi. "Usiuguse huo ukuta. Hata kuufuta vumbi, usiuguse. Nakuja."

Akaja na visu vipana vya kukwangulia, kimoja akanipa mimi. Rangi ilitoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, maana haikuwa imeshika. Siku mbili tulikwangua bega kwa bega. Siku ya kwanza maneno yake yalikuwa matatu tu: "taratibu", "sio hapo" na "maji". Siku ya pili akaniambia nina chokaa puani, nikajua kuna nafuu.

Chini ya rangi chokaa ilikuwa salama, isipokuwa madoa machache aliyoyaziba. Nami nikakaa kwenye kompyuta nikarekebisha rangi za picha zangu zikubaliane na ukuta. Mnajua ilinichukua muda gani? Saa tatu. Saa tatu tu, nikakaribia kupoteza mume.

Ijumaa mchana tukafunga madirisha.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Barua zikaruka kutoka kuta zote nne, zikapita juu ya mgongo wake, mihuri ikagonga, naye akarudi nyuma akicheka kama mtoto. Manjano ile niliyoichukia ilizifanya karatasi zionekane za miaka mingi kweli.

"Bado nina hasira na wewe," akasema.

"Najua."

"Imebaki kidogo."

Jumamosi ukumbi ulifurika. Mama yake alizunguka mara mbili akijaribu kuzidaka barua za mwanga kwa mikono, kisha akaja tulipokuwa tumesimama.

"Mwanangu ananiambia ukuta uliharibika wiki hii, ila anasema hamjui aliyeuharibu. Wewe binti, unamjua?"

Fundi akakohoa. Kumbe alinificha hata kwa mama yake. Ningeweza kutabasamu tu, yakaisha.

"Ni mimi, mama. Na alipofukuzwa kwa kosa langu, nilinyamaza."

Mama akanitazama juu mpaka chini.

"Nilijua. Huyu akidanganya, pua inamtoka jasho tangu ana miaka mitano. Nilitaka kusikia kwako." Akamgeukia mwanawe. "Oa."

Akaoa. Mkurugenzi alitupa ukumbi uleule bure kwa harusi, na watu walikuja wakitarajia barua ziruke. Siku hiyo nilizima projekta zote kumi na mbili, nikafungua madirisha, ili waone ukuta wa mume wangu.