Mikeka ya Isack

Mawingu yalipotanda juu ya mji wa Stafford, huko ughaibuni, jioni ile ya Ijumaa, Flaviana alitoka kwenda uani kuingiza mikeka ya mume wake, huku akisonya.

Mikeka gani hiyo, jamani! Ya Kijapani, majani yaliyosukwa juu ya nyasi kavu zilizoshindiliwa, minene kama magodoro lakini hailaliki. Isack alitoa makochi mazima ya ngozi, akajaza sebule manyasi. Na masharti juu! Usikanyage na viatu. Usipige deki, futa kwa kitambaa kikavu kufuata msuko. Isimamishe ipate hewa. Na ukiitandika, pembe nne zisikutane mahali pamoja, maana kuzikutanisha hivyo ndivyo Wajapani wa zamani walivyotandika penye msiba.

"Mjapani wa Mbinga," Flaviana alimwambia. "Kwenu mlikuwa mnalalia nini?"

Isack akacheka tu. Wiki nzima yuko Euless, safari ya saa nne kwa gari, kwenye ofisi ya mizigo karibu na uwanja wa ndege, anarudi Ijumaa. Basi asubuhi ile Flaviana akapiga deki. Maji, sabuni, dawa ya choo, kama korido ya hospitali. Mikeka ikalowa, ikanuka uvundo, akaiburuta nje ikauke.

Sasa akaiburuta tena ndani, akaibwaga minne, miwili kwa miwili, kama vigae vya jikoni. Pembe zikakutana katikati barabara.

"Haya, wafu waje," akasema. "Wavue viatu."

Akaenda kubandika wali.

Kwanza ilikuja harufu. Si ya sabuni... Ya nyasi mbichi, na jasho la watu wengi waliokaa chumba kimoja kutwa. Kisha sauti.

Kshh.

Kama majani yanayokaliwa.

Kshh... kshh...

"Isack?"

Kikohozi cha mwanamke, cha chinichini, cha mtu anayejizuia kulia.

Flaviana akachungulia. Sebule tupu. Lakini mikeka ilikuwa imebonyea. Hapa makalio, pale magoti, pale miguu iliyonyooshwa... duara zima, wamebanana hadi ukutani. Penye bonde moja majani yakainuka, yakabonyea pembeni kidogo, kumpisha mwingine.

Katikati tu, pale pembe zilipokutana, palibaki wazi.

Alipajua mahali pale. Msiba wowote aliohudhuria, iwe kwao Bukoba au kwa rafiki yake Annonciata huku ughaibuni, Gulfton, wanawake hukaa chini hivyo hivyo, na katikati yao humweka mfiwa. Na Isack yuko barabarani, na mvua imeshaanza.

"Kaa..." kitu kikanong'ona. "Pole..."

"Sikai!" Alikuwa anaogopa, lakini mdomo ni mdomo. "Nyoo! Mume wangu mzima, nimlilie nini? Nendeni mkakalie mikeka ya kwenu, washenzi nyie!"

Hakuna aliyeondoka.

Akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akajibana kwenye mlango wa jikoni, asikae hata kwenye stuli, kwa maana aliona akikaa tu, popote pale, Isack basi tena. Wali ukaungua. Magoti yakamuuma. Akasimama vivyo hivyo.

Mlango wa mbele ukafunguka.

Isack! Mzima, amelowa chapachapa, begi begani. "Trafiki ya leo acha tu," akasema. "Na simu ikaisha chaji."

Flaviana akacheka hadi machozi. Mjinga wake mzima! Azipende nyasi zake, alale nazo, ale nazo, yeye hatasema neno tena.

"Usipite hapo, baba," akamwambia. "Zungukia jikoni. Njoo kwangu."

Isack akavua viatu. Hakuonekana kumsikia. Akaingia sebuleni polepole, akiinua mguu juu, akiutua kwa uangalifu, kama mtu anayepenya katikati ya watu waliokaa. Alipofika pale palipoachwa wazi...

Akakaa.

Kshh. Majani yakabonyea karibu zaidi, pande zote, yakimzunguka.

Isack akajifunika uso kwa viganja. Mabega yakaanza kutikisika.

"Unamlilia nani?" Flaviana akanong'ona. Dharau yote ilikuwa imemtoka. "Isack. Nani?"

Mume wake akainua uso, akamtazama vizuri kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayemuaga marehemu, halafu akazidi kulia.