Vijiko Sita vya Chumvi

Kila siku kabla ya kwenda shule, Bi Kijiko alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu: kupima chumvi ya mikate. Jina hilo la utani alipewa na mjomba wake, kwa jinsi alivyosawazisha kila kijiko kwa kisu, ulimi nje, kama sonara anayepima dhahabu. Mama yake alioka, mjomba alikanda, naye, binti wa miaka kumi na miwili, alitia vijiko vikubwa sita vya chumvi ya mawe katika kilo tatu za unga. Kisha alivaa sare, akaenda zake shule.

Jumatatu moja kopo la chumvi lilimponyoka, likatumbukia kwenye ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Chumvi yote ikayeyuka. Mama alikuwa nje, akichochea moto wa tanuri. Binti alikimbilia jikoni kwao, akachukua pakiti ya chumvi laini ya mezani, akajaza kopo.

"Chumvi ni chumvi," alijisemea. Akapima vijiko sita, bila kuzidisha wala kupunguza.

Siku hiyo kinyunya kiligoma kuumuka. Mikate ilitoka mifupi na mizito, tena ya chumvi kali. Mama akailaumu hamira, akanunua nyingine. Jumanne mambo yakawa yale yale. Jumatano akabadilisha unga. Wapi! Mwenye mkahawa wa jirani akarudisha kikapu kizima.

"Dada, wateja wananiuliza kama siku hizi unakandia maji ya bahari," alisema.

Mama alimgeukia binti yake. "Ulitia vijiko vingapi?"

"Sita, mama."

"Una hakika?"

"Haki ya Mungu, sita!"

Hakusema uongo, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Alhamisi alihesabu kwa sauti ili mama asikie hadi kule tanurini. Alisawazisha kila kijiko mara mbili. Mikate ikatoka mibaya vilevile. Alitamani kulipiga teke lile kopo. Amekosea wapi? Lakini habari ya kopo kuanguka ndooni aliimeza. Kila ilipomfika kooni, aliirudisha chini.

Ijumaa, siku isiyo ya shule, mama alichoka. Alibwaga mezani mkate uliotoka tanurini, ukalia kama tofali.

"Mtoto anatia sita, nimemsikia kwa masikio yangu," alimwambia kaka yake. "Basi kuna mtu anaongeza. Na wewe ndiye unayesema kila siku kwamba mikate yangu imepooza kwa kukosa chumvi!"

"Mimi?" Mjomba aliacha kukanda. "Miaka minane nakukandia, leo nimekuwa wa kukuharibia?"

"Nieleze basi ni nani!"

Mjomba alifungua aproni polepole, akaitundika kwenye msumari, akatoka hadi barazani kuvaa viatu.

Binti alimshika mama mkono. "Mama, si mjomba!" Maneno yakamtoka mfululizo: kopo, ndoo, pakiti ya jikoni.

Mama aliketi juu ya gunia la unga. "Siku tano," alisema kwa sauti ndogo. "Siku tano nazunguka kama kichaa." Kisha akainuka ghafla. "Kimbia dukani, lete chumvi ya mawe."

Aliporudi akihema, mzani wa unga ulikuwa tayari mezani. Mama alipima vijiko sita vya chumvi ya mawe: gramu sitini na mbili. Akapima sita vya chumvi laini: gramu mia moja na tano.

"Lakini kijiko ni kile kile!" binti alilalamika.

"Tazama vizuri. Hii ina punje kubwa, na kati ya punje na punje kuna nafasi tupu. Hii laini inajipanga ikabana, kwa hiyo kijiko kinabeba nyingi zaidi. Ukali wake ni mmoja ukizipima kwa mzani. Ulitia karibu mara mbili, na chumvi ikizidi, hamira haina nguvu ya kuumua. Ile laini wala si mbaya. Imetiwa madini joto, mwili unayahitaji, ndiyo maana naiweka jikoni kwetu. Kuanzia leo tutapima kwa gramu."

Binti aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo kosa langu lilikuwa kijiko."

"Hapana, mwanangu. Kuhusu kijiko hukujua, na mimi sikukufundisha. Kosa lako ni kunyamaza. Ungeniambia Jumatatu, tungepoteza kopo moja la chumvi. Ulinificha, tukapoteza mikate ya siku tano, nikamvunjia heshima ndugu yangu. Ukiharibu kitu, sema siku hiyo hiyo, hata kama utagombezwa."

Huko barazani mjomba alikuwa bado anahangaika na kamba za viatu, ingawa zilikwisha kufungwa zamani.

"Nenda kamwombe msamaha," mama alisema, akijifuta unga mikononi. "Ukimaliza, nakuja mimi. Nami ninalo la kwangu la kumwomba."