Kambare Mia Tatu wa Bwana Suleiman

Kambare wadogo mia tatu walikuwa wakielea matumbo juu. Walikuwa wa mapambo, wenye madoa, waliofugwa Diani na Bwana Suleiman kwa ajili ya vidimbwi vya hoteli. Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru, wiki moja kabla ya Ramadhani.

Mlishaji wao, Kaingu, alikamatwa asubuhi ile ile. Jana yake alikuwa ametupiana maneno na tajiri wake.

Inspekta Mwero alikabidhiwa kesi siku ya tatu. Aliuchota unga wa chakula: dagaa waliosagwa, pumba, na mwani mkavu, ule utando wa kijani uotao kwenye mawe ya mto, unaowatia samaki rangi. Ndani yake mlikuwa na punje nyeupe. Alizilowesha kidoleni, zikamwasha.

"Mwani huu anauleta nani?" alimuuliza Suleiman.

"Mzee Mbwana, mwadhini wetu. Anauchuma mtoni, Tiwi. Huyo usimguse, Inspekta. Mshike huyo huyo uliyenaye."

"Mtoni kuna chokaa?"

Suleiman alizitazama tena zile punje. Wakaenda msikitini pamoja.

Birika la kutawadhia lilikuwa limepakwa chokaa upya, kama ifanywavyo kila Shaabani. Upande mmoja kisu kilikuwa kimeikwangua chokaa hadi kwenye kijani cha chini yake.

Mbwana alikuja akichechemea. "Mzee, magoti bado yanakufikisha Tiwi?" Inspekta aliuliza.

"Tangu masika hayanifikishi."

"Basi mwani ni wa hapa."

Mbwana aliketi ukingoni. "Ni wa hapa. Nimekwangua mali ya wakfu, nikasema natoka mtoni. Niliona wakijua siwezi tena, kazi atapewa mwingine, nami nibaki wa kuonewa huruma. Safari hii chokaa ilikuwa imekwisha kupakwa. Nikauosha mara tatu. Nikasema, mara tatu ni twahara."

"Twahara ya sala, mzee. Samaki hawasali."

"Samaki wamekufa, basi. Lakini Kaingu amelala ndani siku mbili, nami najua hana hatia. Mara kumi nimeadhini, nawaita watu kwenye kheri, na yeye yumo ndani."

Mbwana aliinuka, akaomba apelekwe kituoni.

Kituoni, Kaingu alifunguliwa mlango. Alipomwona mzee alidhani amekuja kumdhamini.

"Shikamoo, baba," alisema. "Wewe peke yako ndiwe uliyenijia."

Mdomo wa Mbwana ulifunguka. Marahaba haikutoka.