Ketsia Alipoachia Usukani

Kila alipotoka shule, Ketsia alivua sare, akala mihogo yake upesi, kisha akakimbilia gereji ya baba yake, Rémy, kando ya barabara moja ya vumbi mjini Bunia. Gereji yenyewe ilikuwa uwanja mtupu wenye ukuta mmoja. Kazi yao ilikuwa paralelisme, yaani kunyoosha matairi ya magari yaende sambamba, lakini mashine ya kuyapima hawakuwa nayo. Rémy alivuta kamba kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, akafumba jicho moja, akaangalia. Fundi msaidizi, Gauthier, alilala chini ya gari akirekebisha vyuma viwili vinavyoelekeza matairi ya mbele. Ketsia alikaa kwenye kiti cha dereva na kushika usukani usicheze.

Gauthier alikuwa amekimbia vita huko Djugu. Aliishi kambini na mke na watoto, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha.

Siku moja ya Ijumaa ililetwa teksi ya Jean-Pierre, anayepeleka abiria Aveba. Ketsia aliingia na simu ya mama yake mfukoni. Mchezo wa simu ni mtamu kuliko kazi, nani hajui? Mkono mmoja ukaacha usukani, wa pili ukafuata, na usukani ukageuka taratibu upande wa kushoto.

“Ketsia, volan iko katikati?” Gauthier aliuliza kutoka chini.

“Iko katikati, kaka!” alijibu bila kuinua macho.

Kabla ya jioni Jean-Pierre alirudi akifoka. “Hii ni paralelisme gani? Gari inaenda sawa, lakini volan inaangalia pembeni! Abiria wameshuka wote, wanasema gari iko mubovu!”

Rémy alimgeukia binti yake. “Ulishika volan muzuri?”

“Nilishika, papa. Labda kaka Gauthier alikaza vibaya.”

Labda! Neno hilo lilimtosha Rémy, ambaye mbele ya mteja alikuwa akitafuta wa kumlaumu.

“Patron, nilimuuliza mutoto...” Gauthier alianza.

“Mutoto yangu hasemi uongo! Chukua vitu vyako, uende.”

Gauthier alifuta mikono kwa kitambaa, akaondoka. Mtu aliyekimbia kwao angemshtaki Rémy kwa nani?

Kesho yake Rémy aliirudia kazi ya teksi ile peke yake. Aliufunga usukani kwa mpira ukiwa katikati kabisa, akavuta kamba kushoto, kisha akavuta kulia. Matairi yote mawili ya mbele yalielekea upande mmoja, kwa kiasi kilekile.

“Gauthier hakukosea,” alisema polepole. “Angekosea, matairi hazingeangalia fasi moja. Ni volan njo ilikuwa imepinda wakati alikuwa anakaza.” Akamtazama Ketsia.

Ketsia aliangua kilio. “Nilikuwa nacheza na telefone, papa. Nilisema uongo.”

Rémy hakumpiga. Alifupisha chuma cha upande mmoja, akarefusha cha pili kwa kiasi hichohicho, akaijaribu teksi barabarani. Usukani ulitulia katikati. Baada ya hapo alimshika Ketsia mkono, wakaenda kumtafuta Gauthier.

Walimkuta karibu na kambi akipakia mchanga kwenye lori. Ketsia alipiga magoti. “Unisamehe, kaka. Ni miye.”

“Nimekusamehe, mutoto.” Hakuweka sepeto chini. “Lakini sirudi, patron. Jean-Pierre ametangaza kwa mashofere wote kama ninaharibu magari. Nani ataniachia gari yake?”

“Nitawaeleza mimi mwenyewe,” Rémy alisihi.

“Uwaeleze. Lakini watoto yangu walilala njaa jana, na weye haukunipa hata nafasi ya kujieleza.” Akaendelea kupakia.

Walirudi kwa uchungu. Walipokaribia nyumbani, Rémy alisimama.

“Volan tumeirudisha katikati, haikuwa kazi kubwa. Mutu tumeshindwa kumurudisha. Weye ulisema uongo, na miye niliupokea kwa sababu ulinifaa. Kesho siye wawili tutaenda kwa mashofere. Utasimama mbele yao, utasema kweli, hata kama Gauthier harudi tena.”

Ketsia aliyaogopa macho ya madereva wale, lakini safari hii hakuwa na mtu wa kumsingizia.