Nyuzi Zimekazwa kwa Sauti ya Nani?

"Nani amekaza hizi nyuzi?"

Mpiga gitaa alikuwa ameinama mlangoni anafunga viatu. Hakuinua kichwa.

"Nyuzi zipi tena, mama watoto?"

"Usinifanye mtoto mdogo! Tangu unioe gitaa hili limelegezwa kwa sauti yangu. Leo liko juu. Nani anaimba huko juu?"

"Joto tu hilo."

"Joto hulegeza nyuzi, halikazi! Umeoa msusi, lakini usisahau msusi huyu alikuwa anaimba wapi."

Mume akachukua gitaa lake, akaaga haraka kuwa anachelewa mazoezi.

Msusi alikuwa ndiye sauti ya ile bendi, sauti nzito ya kutikisa vikombe mezani. Alipojifungua mapacha ikabadilika, akaona haya, akasema basi, na habari za bendi akazipiga marufuku nyumbani. Lakini mumewe hakuzikaza nyuzi. Kila jioni alikaa kizingitini akipiga chini kulekule, kama anamngoja. Maneno matamu yule bwana hana, hajawahi kuwa nayo. Mapenzi yake yote yalikuwa kwenye zile nyuzi, na leo zimekazwa!

Saluni hakukukalika.

"Shoga, hiki ni kichwa, si gunia!" mteja akalia. "Unanivuta mpaka nyusi zinapanda."

"Samahani."

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe.

"Wifi, mimi umbea siupendi, unanijua. Ila kaka yangu yuko ukumbini na yule Mgeni. Wawili tu. Bendi bado haijafika."

Msusi alitupa kitana, akatoka bila hata kuvua aproni.

"Na mimi je? Nusu kichwa!" Mteja akamfuata mbio, upande mmoja umesukwa, upande wa pili umesimama wima.

Mgeni ndivyo walivyomwita tu. Alikuja mwaka jana kutafuta kazi, mchana anaosha vyombo hotelini, jioni anaimba. Watu wa kwao waliokwishahamia mjini walitaka nyimbo zao harusini, na wenyeji nao wakaanza kuzipenda. Msusi alimkuta amekaa kitini, macho amefumba, anaimba kwa lugha yake. Mpiga gitaa amepiga goti mbele yake, sikio karibu kabisa, anatafuta noti.

Goti! Msusi aliposwa bila goti.

"Kumbe ndiye huyu!"

"Mama watoto..."

"Nyamaza! Wewe dada, huko kwenu wanaume wameisha?"

Mgeni alisimama taratibu, akajifuta mikono kwenye sketi, akajibu kwa kuimba, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga:

"Kwetu wanaume wako teleee! Huyu wako, chai hajui kuchemshaaa!"

Mteja akaangua kicheko.

"Ananidhihaki?" Msusi akamgeukia mumewe.

"Anakujibu. Kwao wanawake wakikosana huimbiana, huyu akitoa yake na yule anatoa yake, mpaka mmoja acheke. Ndio wimbo anaotufundisha. Wimbo wenyewe unataka sauti mbili, na ya pili hatuna."

"Ungeniambia!"

"Ulikataza habari za bendi. Nikaogopa, nikadanganya. Hapo nimekosa."

"Na nyuzi?"

Mume akaishika shingo ya gitaa.

"Nilizikaza kwa ajili yake. Sauti yake ni nyembamba."

Ukweli huo ulimchoma Msusi kuliko uongo wa asubuhi. Alitaka kulia, akaona heri aimbe.

"Chai hajui, lakini ni wanguuu! Aliyekaza nyuzi..."

Sauti ikakwama. Ilikuwa juu mno kwake.

"Teremsha," akasema.

Mpiga gitaa hakumtazama Mgeni wala hakumwomba ruhusa. Alilegeza nyuzi moja baada ya nyingine, mpaka pale pa kila jioni. Msusi akasogea karibu na gitaa. Akaanza upya, na sauti ikatoka, nzito, ina kutu kidogo, lakini yake. Safari hii Mgeni ndiye aliyehangaika kushuka, akapapasa, akaipata njia yake chini.

"Alikupigia goti, mimi hajanipigiaaa!"

"Goti la kazi, dada, hata spika analipigiaaa!"

"Jicho lake nalijua, linatangatangaaa!"

"Jicho limefumba, mazoezini anakoromaaa!"

"Umejuaje anakoroma wewe?" Msusi akasahau kuimba.

"Bendi nzima inajuaaa! Analalia spikaaa!"

Msusi akajibana, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Mgeni naye akacheka. Mteja akapiga makofi, kisha akakumbuka nywele zake.

Jumamosi wakaupiga harusini, upande wa bwana harusi watu wa kwao Mgeni, upande wa bibi harusi wenyeji. Mgeni aliimba kwa lugha yake, Msusi kwa yake, kila upande ukacheka mahali pake, na kiitikio wakakicheza pamoja. Shangazi wa bibi harusi akamvuta mpiga gitaa pembeni.

"Baba, hawa wanagombana kweli?"

"Kweli kabisa, shangazi."

Asubuhi yake simu ya Msusi ikalia. Wifi tena.

"Wifi, nasikia Mgeni anaingia bendi moja kwa moja. Hivi utaweza kweli?"

Msusi alikuwa kizingitini, gitaa mapajani, sikio kwenye uzi wa kwanza. Wivu haukuwa umekwisha, na hakujidanganya. Akajibu kwa kidole kimoja:

"Aingie tu. Nyuzi nakaza mimi."