Majani ya Mpakani

Ndugu zangu mnaokaa jirani na ndugu zenu, na nyinyi mnaokaa jirani na watu baki, sogeeni karibu. Haya yalitokea kwenye kiwanja kimoja cha mtelemko, ambacho baba mmoja aliwagawia binti zake wawili kabla hajafumba macho.

Alasiri moja ya kiangazi kulikuwa shwari. Dada mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya ushonaji wake, alikuwa nyuma ya cherehani akipinda upindo wa sketi. Mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, alikuwa barazani na redio yake. Chumba cha kushonea kilijengwa ukingoni kabisa mwa ua, pale ardhi inapoanza kushuka, na dirishani ulikiona chote kiwanja cha chini, cha mdogo wake, mkunga wa zahanati. Cherehani ililia, redio iliimba, na Fundi alijiona hana anachokosa.

Ndipo mteja wake, mwalimu aliyekuja kujaribu gauni, akajipepea kwa daftari na kusema, "Fundi, kumbe zipu bado? Basi ukimaliza niite. Nitakuwa kule chini kwa mdogo wako. Huku kwako mtu anaokwa kama mkate."

Fundi alicheka. Alicheka kwa mdomo tu. Kutoka dirishani alimtazama mwalimu akishuka ngazi, akiinama kupita chini ya matawi, akivua viatu na kukaa kwenye benchi kama aliyefika nyumbani kwao. Alikuwa mteja wa nne wiki ile.

Lazima nirudi nyuma kidogo, ili msije mkadhani mdogo mtu alipendelewa. Baba alipogawa, alimwambia mkubwa achague kwanza. Akachagua juu, penye nyumba, penye tambarare, penye miti mitatu ya kivuli. Mdogo akabakiwa na mtelemko uliopasuliwa na korongo ambalo hata mbuzi alilivuka kwa kusitasita. Watu walimhurumia. Fundi naye alimhurumia, na huruma ile, tuseme ukweli, ilikuwa tamu mdomoni mwake.

Fundi alipenda usafi. Ile miti mitatu ilimwaga majani kila siku, na yeye alichoka kufagia, kwa hiyo akaikata. Kisha akamwaga zege ua wote, kutoka getini hadi ukingoni, ukang'aa mpaka ungeweza kudondosha pipi ukaiokota ukala. Mvua ikinyesha, maji yaliteleza juu ya zege na kukimbilia kwa mdogo wake. Hilo halikumhusu. Maji yameumbwa kushuka.

Mkunga hakugusa jembe msimu mzima wa kwanza. Mvua ikianza alivaa buti akasimama nje, anatazama tu maji yanapita wapi na yanabeba nini. Wapita njia wakanong'onezana kwamba upweke umeanza kumpanda kichwani. Msimu wa pili akachimba mitaro mifupi inayokingama mtelemko, ili maji yatulie na kuzama badala ya kukimbia. Kwenye ukingo mkali wa mpakani, chini kidogo ya chumba cha kushonea, akapanda safu tatu za majani marefu ambayo mizizi yake huzama ardhini kupita kimo cha mtu. Akaokota mbegu za miti ya asili kwenye msitu wa jirani. Majani makavu ambayo majirani waliyachoma, yeye aliyaomba kwa magunia, akayatandaza chini ya miche. Maji ya kuoshea vyombo aliyaelekeza kwenye migomba. Dawa za kupulizia hazikuvuka geti lake.

"Bi Takataka," Fundi alimbatiza, na jina likashika. Mkunga mwenyewe alicheka, akaomba magunia mengine.

Miaka sita ikapita. Korongo likaziba. Miti ikakutana vichwa. Ndege wakaja kula viwavi, vyura wakaja kula mbu, nyuki wakaja kwa hiari yao, na mboga zikaota hata wakati wa jua kali. Na Fundi akaanza kuumwa na ugonjwa usiopimwa kwa damu.

Asiyewahi kuuona wivu wa ndugu asiuombe kuuona. Wa jirani ukikuzidi unaweza kuhama. Wa ndugu unakula nao sahani moja. Fundi alimpenda mdogo wake. Ndiye aliyemfundisha kusuka nywele na kuandika jina. Lakini kila alipofungua dirisha na ule ubaridi wa majani ukampiga usoni, alijiuliza. Kwa nini yeye? Mimi nilichagua kwanza. Mimi ndiye niliyepata pazuri.

Kisha mumewe akaanza kushuka. Mwanzo dakika kumi. Baadaye, kila baada ya chakula cha mchana, Dereva alibeba kiti chake begani na redio mkononi, akateremka ngazi.

"Unahamia?" Fundi alimuuliza siku moja.

"Nakwenda kupunga upepo kwa shemeji. Njoo na wewe. Kuna ndege mmoja pale anapiga filimbi kama tingo wangu wa zamani wa lori."

"Kwangu hakuna upepo?"

Dereva aliangalia ule ua uliomeremeta kama sufuria. "Upo," alisema kwa upole. "Ila wa kwako ni wa moto."

Hakukusudia kumuudhi. Lakini neno halina nia ya aliyelisema. Lina kidonda cha aliyelisikia. Tangu siku ile Fundi hakula mboga iliyotoka chini. Aliipokea, akashukuru, akaimwaga.

Kilichojaza kikombe ni ugeni. Afisa mazingira wa halmashauri alileta watu kumi na tano kuona kiwanja cha Mkunga. Fundi alisimama kando ya pazia, akisikiliza. Afisa aliwaonyesha mitaro, akawaonyesha majani ya mpakani, akasema ndiyo yanayoushika ukingo wote ule. Mmoja wa wageni akainua macho. "Na huko juu kwenye zege ni kwa nani?"

"Huko ndiko mafuriko yanakotoka," afisa alijibu, na watu wakacheka.

Mkunga hakucheka. Alisema, "Huko ni kwa dada yangu, ndiye aliyenilea." Lakini Fundi alikuwa ameshaziba masikio, na utetezi ule haukumfikia.

Wiki iliyofuata, asubuhi ambayo Mkunga alikuwa zamu na Dereva amekwenda kunyoa, Fundi aliazima bomba la mgongoni la kupulizia, akachanganya dawa ya kuua magugu, nzito mara mbili ya ilivyoandikwa kwenye chupa. Hakuthubutu kushuka hadi bustanini. Aliishia mpakani. Alijiambia kwamba mpaka ni wa wote wawili, na kwamba majani yale yanaleta nyoka. Akapulizia safu zote tatu, kutoka pembe hadi pembe. Alipomaliza alinawa mara tatu, akarudi kushona. Siku ile alishona vizuri sana.

Baada ya wiki mbili majani yalikuwa ya rangi ya kadibodi. Mkunga alipanda ngazi, akamkuta dada yake ameinamia gauni la bibi harusi.

"Dada, yale majani ya mpakani..."

"Jua hilo," Fundi alidakia. "Mwaka huu jua limekuwa kali. Au mchwa."

Mkunga alikuwa na udongo viganjani. "Hayo majani sikuyapanda kwa ajili yangu. Yanashika ukingo wako. Chumba hiki kimekaa juu yake. Kama ni dawa, niambie tu, dada. Sitagomba. Mvua haijafika, tunaweza kuweka magunia ya mchanga na kugeuza maji ya ua wako yapite upande mwingine."

Ndugu zangu, hapa ndipo mlango wa kutokea ulipofunguliwa wazi. Neno moja tu lilitakiwa. Fundi alilihisi likipanda kifuani, likafika kwenye ulimi. Kisha akawaona tena wale watu kumi na tano wakicheka.

"Nimekwambia ni jua. Au unataka kusema mimi ni mchawi?"

"Sijasema hivyo."

"Basi niache nishone."

Mkunga akashuka. Hakuuliza tena.

Mvua ilikuja mwanzoni mwa mwezi uliofuata, saa tatu asubuhi, na haikuwa na adabu. Kufikia saa sita ua wa zege ulikuwa mto. Maji yote ya paa na ya ua yalijikusanya ukingoni, mahali ambapo zamani yalichujwa na majani, na sasa yalikuta mizizi iliyooza na udongo mtupu. Fundi alikuwa jikoni aliposikia mlio kama wa gunia linalochanwa. Ufa ulikuwa umepita sakafuni mwa chumba cha kushonea, kutoka mlangoni hadi dirishani.

"Cherehani zako," Dereva alisema, akaingia.

"Ziache. Toka," Fundi alimwambia. "Baba watoto, toka humo."

Alitoa ya kwanza. Akarudi kuchukua ya pili, pamoja na gauni la bibi harusi, kwa sababu alijua harusi ni Jumamosi. Ndipo ukuta wa nyuma ukaondoka. Haukuanguka kwa kelele. Uliteleza tu, na sakafu ikaufuata, na mtu aliyekuwa juu yake akaenda nayo.

Mkunga ndiye aliyefika kwanza. Siku ile hakuwa zamu. Alimkuta shemeji yake amezikwa hadi kiunoni, boriti imelala juu ya mguu, damu inachanganyika na tope. Alichimba kwa mikono. Fundi alishuka akiteleza kwa makalio, akachimba naye, na majirani wakaja na makoleo. Boriti ilipoinuliwa damu iliruka. Mkunga alinyoosha mkono bila kutazama. "Nipe kitambaa." Kilichokuwa karibu ni lile gauni jeupe. Fundi mwenyewe alilichana, vipande virefu, kwa meno, na mdogo wake akafunga mguu kama alivyofunga majeraha mengi maishani mwake, taratibu, huku akimwambia majeruhi, "Nitazame mimi, shemeji. Usilale."

Dereva hakufa. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Kwenye korido ya hospitali dada wawili walikaa benchi moja, tope limewakaukia miguuni. Fundi alikuwa amekaa muda mrefu akiutazama ukuta.

"Ni mimi," alisema. "Nilipuliza dawa."

"Najua."

"Umejua leo?"

"Nilijua siku ile uliponijibu kabla sijamaliza kuuliza."

Fundi aligeuka. "Na ukanyamaza?"

Mkunga alijibu kwa sauti ambayo haikuwa ile ya zahanati. "Magunia nilikuwa nayo. Yalikuwa yamepangwa stoo, ishirini na mawili. Kila asubuhi nilisema leo nitayapanga pale ukingoni. Halafu nasema, hapana, aje aseme kwanza. Nilitaka uniombe, dada. Maisha yangu yote ulikuwa unachagua wewe kwanza, na mimi nilitaka mara moja tu uje chini uniombe."

Hapo ndipo Fundi alipotambua kwamba kijicho kilikuwa na nyumba mbili, na kwamba cha chini kilijificha vizuri zaidi kwa sababu kilikuwa na kivuli. Hawakukumbatiana. Mkunga aliweka mkono wake juu ya wa dada yake, wakabaki hivyo mpaka muuguzi alipowaita.

Fundi alimwambia mumewe ukweli siku alipotoka hospitali. Dereva alisikiliza hadi mwisho, akaomba maji, akanywa. Kwa miezi miwili hakuongea naye zaidi ya salamu na asante. Siku moja akaitisha nyundo kubwa, akakaa kwenye kigoda na mguu wake mmoja, akaanza kuvunja zege. Fundi alichukua sururu, akaanza upande wa pili. Mkunga akaja na miche mitatu ya kivuli, akawaonyesha maji yatulie wapi.

Ukingo umepandwa upya. Majani yale huhitaji miaka miwili kushika vizuri, na chumba cha kushonea hakikujengwa tena pale; Fundi anashonea sebuleni. Msidhani roho yake ilisafishwa kwa siku moja. Bado zipo asubuhi anapotazama chini na wivu ukamrudia. Tofauti ni kwamba sasa anashuka ngazi na kuusema. "Mdogo wangu, leo nimekuonea gere," husema. Na mdogo wake humjibu, "Juu ya nini tena?" kisha humpa jembe.

FUNZO TUNALOLIPATA

Kwanza, maji hayajui hati ya kiwanja. Unachokifanya uani kwako, ukikata mti, ukifunika udongo wote kwa zege, ukimwaga sumu, kitamfikia wa chini yako, na siku nyingine kitarudi kwako. Acha ardhi inywe. Acha majani yalale chini. Panda kinachoshika udongo kabla ya kupanda cha kupendeza macho, na ukiona cha jirani kimestawi, mwombe mbegu.

Pili, wivu si dhambi siku ya kwanza. Huja bila kubisha hodi na hata mwema humwingia. Dhambi ni kuupa bomba la sumu mgongoni, na dhambi kubwa zaidi ni kukana unapoulizwa kwa upole. Na wewe uliyekosewa, ukiwa na magunia stoo, yapange ukingoni leo. Usimngoje ndugu yako akuombe radhi wakati mvua iko njiani, kwa maana atakayekatwa mguu huenda hakuwa na kosa lolote.