Taa Isiyojua Kukataa

Taa juu ya kabati la seva iliwaka kijani kabla Nimia hajaondoa kidole kwenye kitufe cha majaribio.

Haiwezekani. Majaribio huchukua dakika kumi na moja. Kila badiliko la programu, hata la herufi moja, mtambo wa ukaguzi ndani ya kabati hilo ulilipitisha kwenye majaribio mia nne. Yakifaulu yote, taa huwaka kijani na badiliko huenda lenyewe mpaka kwenye mashine za kliniki zinazowapimia wagonjwa wa kisukari dozi ya insulini na kuwachoma. Likianguka hata jaribio moja, taa nyekundu, na hakitoki kitu. Na katika wodi ya tatu ya kliniki hiyo alikuwa amelazwa mama yake Nimia.

Ilikuwa saa saba mchana, jiji zima la Asunción limejilaza kukimbia jua. Ofisini walibaki yeye na bosi wake, Fermín, na terere yake, chai baridi ya majani yenye barafu. Mara ukasikika mluzi mwembamba kutoka ndani ya kabati, na harufu ya tumbaku kali ikajaa chumba kisicho na mvutaji.

"Bosi, umesikia?"

"Sijasikia," Fermín alinong'ona. "Na wewe hujasikia. Usiujibu tu, mama."

Nimia alikuwa mbishi tangu tumboni. Akaandika jaribio la kipuuzi: mbili na mbili ni tano. Akabonyeza. Kijani.

Akafungua kabati. Nyuma ya nyaya palikuwa na sahani ya tumbaku na glasi ya pombe ya miwa, imenywewa nusu.

"Unamlisha nani humu?"

"Tungefanyaje? Kila siku nyekundu, nyekundu, na kliniki wananifokea! Bibi yangu shamba alimwekea tumbaku huyu mzuka wa mluzi, naye akamlindia kuku wake. Nikajaribu, ili taa iwe kijani. Wiki tatu sasa. Usiguse, Nimia! Ukishaanza kumpa, huachi. Ukiacha anakugeuka."

"Kuku? Mama yangu ni kuku?"

Akampigia simu muuguzi wa wodi. "Dada Lorenza, zimeni mashine zote sasa hivi. Pimeni kwa mkono kama zamani. Nitakueleza."

Kisha akaishika ile sahani, na papo hapo mkono wenye manyoya, baridi kama tumbo la chura, ukatoka gizani kati ya nyaya ukamkamata kifundo cha mkono, ukavuta, na mluzi ukapanda mpaka vioo vikatetemeka, na Fermín akapiga magoti akiomba radhi kwa Kiguarani, lugha ya bibi yake, lakini Nimia hakuachia, akavuta kwa nguvu zote mpaka tumbaku ikamwagika na glasi ikapasuka sakafuni.

"Huu mtambo tuliuweka utukatalie!" akafoka. "Wewe unajua ndiyo tu. Toka!"

Mkono ukalegea, ukatoweka gizani. Nimia akabonyeza upya, akasubiri dakika zote kumi na moja, kifundo kikimuuma.

Nyekundu.

Nimia alilia kwa furaha. Majaribio sitini na matatu yalikuwa yameanguka, na la kwanza lilisema dozi inatoka mara mbili. Simu ikalia.

"Nimia, mashine ya mama yako tuliizima ikiwa imebakiza dakika mbili imchome," alisema Lorenza. "Mzima. Anadai chakula."

Nje ya dirisha mluzi ukaanza tena, taratibu, ukingoja. Fermín akaziba masikio. Katika nchi ile hata mtoto anajua kwamba mluzi ule haujibiwi.

Nimia akakaza midomo, akamjibu kwa mluzi mrefu kuliko wake. Kisha akavuta kiti, akaanza kurekebisha kosa la kwanza kati ya yale sitini na matatu.